Breki Inayolia Haiombi Mafuta

Baiskeli za milimani zimeenea sana katika miaka ya karibuni. Huonekana katika kambi za jeshi, katika nyumba za polisi na vijijini, zikiwa na matairi mapana, gia nyingi na foku yenye springi. Nyingi kati ya hizo hazina tena zile breki za kubana rimu ambazo wazee walizizoea. Badala yake zina sahani nyembamba ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu, na sahani hiyo hubanwa na pedi mbili, moja kulia na moja kushoto. Hiyo ndiyo breki ya diski. Ni breki yenye nguvu, haisumbuliwi sana na tope, na hufanya kazi hata rimu ikiwa imepinda. Lakini ina tabia moja inayowakera wengi: hulia.

Kilio hicho hupokewa kwa namna mbalimbali. Wako wanaokipuuza na kusema kwamba ndivyo baiskeli ilivyo. Wako wanaoona haya kukipitisha mbele ya watu, wakashuka na kukokota. Na wako, nao ndio wa kuhofiwa zaidi, wanaokwenda jikoni, wakachukua mafuta na kuitilia breki matone mawili matatu ili inyamaze. Hao hupata kimya walichokitaka, ila hawajui kwamba wamekinunua kwa bei ya maisha yao. Yafaa basi kila nyumba yenye baiskeli ya namna hii ijue sababu ya kelele, dawa yake, na mipaka ya kazi ambayo mtu aweza kuifanya mwenyewe bila ya kumwita fundi.

KELELE YA TANGU ZAMANI

Kelele hii haikuanza leo. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski katika mwaka 1902, kwa ajili ya motokaa. Pedi zake zilikuwa za shaba nyekundu, zikasugua chuma kitupu, na mlio uliotoka haukuvumilika. Miaka michache baadaye Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alizifunika pedi kwa asbesto, na kelele ikapungua. Baadaye sana ikajulikana kwamba vumbi la asbesto huleta saratani ya mapafu, na leo nchi nyingi zimeipiga marufuku. Hata hivyo breki ya diski yenyewe iliendelea kusitawi. Katika mwaka 1953 gari la Jaguar lililofungwa breki hizo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, na ulimwengu ukaamini.

Baiskeli ya milimani nayo ina historia iliyofungamana na breki. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji mdogo wa Fairfax katika jimbo la California, Marekani, vijana walishindana kuteremka kwa baiskeli kuukuu katika njia ya mlimani. Breki zao zilikuwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Zilipata moto mkali mno hata grisi ikaungua na kutoka moshi, na kila baada ya kuteremka iliwapasa kuijaza habu grisi upya. Njia hiyo ikaitwa Repack, maana yake kujaza upya, na inaitwa hivyo hadi leo. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba baiskeli ya mlimani si kitu bila ya breki inayostahimili moto.

Askari nao wana sehemu yao katika habari hii. Katika mwaka 1987 polisi wa mji wa Seattle, Marekani, walianza doria kwa baiskeli za milimani, na mtindo huo ukaigwa na polisi wa miji mingi. Faida yake kubwa ni kwamba askari hupenya mahali ambapo gari halipiti, tena hufika bila ya kusikika. Kabla ya hapo, katika vita vya Malaya tangu Desemba 1941 hadi Februari 1942, askari wa Japani waliteremka kwa maelfu juu ya baiskeli kuelekea Singapore. Inasimuliwa kwamba matairi yao yalipopasuka waliendelea kupanda juu ya rimu tupu, na kishindo chake usiku kiliwafanya adui wadhani ni vifaru vinakuja. Huko Malaya kelele iliwafaa wenye baiskeli. Kwa askari wa doria ya leo kelele ni hasara, kwa sababu mwizi akisikia breki ikilia kutoka kona ya tatu hangoji kuulizwa jina.

SABABU YA MLIO

Mtu aliyepata kumtazama mpiga zeze ataelewa upesi. Uta unapopita juu ya uzi hauteleze moja kwa moja. Huushika uzi, ukauvuta kidogo, ukauachia, ukaushika tena, na jambo hilo hurudiwa mara nyingi sana katika nukta moja. Uzi hutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Breki ya diski hufanya vivyo hivyo. Pedi ni uta, na diski ni uzi. Endapo pedi inashika na kuachia badala ya kusugua kwa ulaini na usawa, diski hutikisika, kalipa hutikisika, na fremu yenyewe huwa kama kibuyu cha zeze: huikuza sauti mpaka mtaa mzima ukasikia.

Hivyo basi mambo yanayoleta mlio ni yale yanayoifanya pedi ishike vibaya. La kwanza ni uchafu wa mafuta, ambao ndio mkosaji mkuu. La pili ni pedi iliyoungua juu yake ikawa laini na yenye kung'aa kama kioo. La tatu ni bolti zilizolegea, ziwe za diski, za kalipa, au za gurudumu lenyewe. La nne ni kalipa iliyokaa upande. La tano ni diski iliyopinda. La sita ni pedi iliyokwisha. Maji ya mvua nayo huleta mlio, lakini huo si ugonjwa. Breki ikivutwa mara chache maji hukauka na sauti hukoma yenyewe.

Ni vema pia kuelewa kwa nini jambo hili si la kuchezea. Breki haiui mwendo. Huugeuza kuwa joto. Mtu pamoja na baiskeli na mzigo wake wakiwa na uzito wa kilo 100, wakateremka kilima chenye kimo cha mita 300 kwa mwendo uleule mmoja, joto linalotokea lingeweza kukaribia kuchemsha lita moja ya maji, lau lote lingeingia katika sufuria. Upepo huchukua sehemu yake, lakini sehemu iliyobaki inamezwa na diski mbili nyembamba na pedi zisizozidi ukubwa wa kidole gumba. Nchini Burundi wako watu wanaoteremsha mizigo ya ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama hadi Bujumbura, njia inayoshuka zaidi ya mita 1,000. Kwa kilo 100 tu, joto la mteremko huo ni la kukaribia kuchemsha lita tatu. Anayeishi Kabale, Kapchorwa au katika vilima vya Rwanda anafahamu miteremko ya namna hiyo bila ya kuhesabiwa.

KELELE TATU NA MAANA ZAKE

Kabla ya kushika spana, mwenye baiskeli na asikilize kwanza. Kelele za breki hazifanani, na kila moja ina habari yake.

Ya kwanza ni mlio mwembamba au mzito unaotoka pale tu breki inapovutwa, na baiskeli ikawa inachelewa kusimama. Hiyo aghalabu ni dalili ya mafuta au ya pedi iliyong'aa. Ikiwa mlio unaambatana na mtetemo katika usukani, kuna kilicholegea.

Ya pili ni mkwaruzo wa chuma kwa chuma, kama jembe likiburutwa juu ya jiwe. Hapo hapana mjadala. Pedi imekwisha na bamba lake la chuma linaila diski. Baiskeli isipandwe tena mpaka pedi mpya zipatikane.

Ya tatu ni sauti ndogo ya kukwaruza inayosikika hata breki isipovutwa, chi, chi, chi, kila gurudumu linapozunguka. Hiyo ni ya diski iliyopinda au kalipa iliyokaa upande. Haina hatari ya haraka, lakini huila pedi kidogo kidogo na kumchosha mpandaji bure.

MAFUTA NI SUMU YA BREKI

Uchukuliwe mfano wa nyumba moja ya askari. Baba yuko mbali kikazi, na baiskeli yake ya milimani imebaki nyumbani. Mama huitumia kwenda sokoni, na kijana mkubwa humpeleka mdogo wake shule, akiwa ameketi nyuma juu ya kikapio. Breki ya mbele inalia, na majirani wameanza kutania. Siku moja kijana anachukua mafuta ya kupikia, anaidondoshea diski, anazungusha gurudumu, kisha anaingia ndani kwa furaha.

"Mama, breki imepona. Haisemi tena."

Mama anatoka nje, anavuta mkono wa breki ya mbele na kuisukuma baiskeli. Gurudumu ambalo lilipaswa kugoma linazunguka kana kwamba halikushikwa na kitu.

"Mwanangu, hii haikupona. Hii imekufa. Ungeteremka nayo na mdogo wako nyuma, ungesimamia wapi?"

Mfano huu ni wa kawaida, na kosa la kijana ni la watu wazima wengi. Mtu amezoea kwamba bawaba ikilia hutiwa mafuta, na cherehani ikilia hutiwa mafuta. Lakini bawaba na cherehani kazi yake ni kuteleza. Kazi ya breki ni kushika. Mlio wa breki ni msuguano uliokosa utaratibu, na mafuta hayautii utaratibu msuguano huo, bali huuondoa kabisa. Tena mafuta hayabaki juu tu. Pedi nyingi zina vitundu vidogo mno kama sifongo, hivyo mafuta huzama ndani, na kila breki ipatapo moto hutoka tena. Ndiyo sababu baiskeli yaweza kuonekana safi asubuhi na kukataa kusimama mchana.

Si mafuta ya kupikia pekee. Mafuta ya mnyororo yanayorushwa hovyo, grisi ya mikononi, mafuta ya taa, mafuta ya kujipaka, hata dawa za kung'arishia zinazopulizwa kutoka katika kopo, zote ni sumu kwa pedi. Kidole kilichotoka kupaka mafuta mwilini kikigusa diski huacha alama inayotosha kuanzisha mlio.

VIFAA VINAVYOHITAJIWA

Kazi hii haihitaji karakana. Inatosha mtu awe na ufunguo wa pembe sita wa umbo la L unaoingia katika bolti za kalipa, ufunguo wa nyota kwa bolti za diski ikiwa imefungwa kwa bolti sita, koleo ndogo, msasa mwembamba, kipande cha kioo au ubao ulionyooka kabisa, vitambaa vyeupe safi, na chupa ndogo ya alkoholi ya isopropili, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa na ya vifaa vya umeme. Spiriti iliyotiwa manukato au mafuta ya kulainisha ngozi haifai, kwa kuwa inaacha utando. Kitambaa kilichofuliwa lakini kilichowahi kufutia mafuta nacho hakifai. Bora kukata fulana kuukuu kuliko kuokota tambara la jikoni.

Wakati wa kazi diski iwe imepoa. Diski iliyotoka mteremkoni huunguza ngozi papo hapo. Na gurudumu likizunguka, mtu asiweke kidole karibu na matundu ya diski hata kidogo, kwa maana hukata kama kisu. Watoto wadogo wakae mbali.

UTARATIBU WA MATENGENEZO

Kwanza, baiskeli itundikwe kwa kamba juu ya boriti au tawi, au iegemezwe vizuri. Ikiwa breki zake ni za mafuta, yaani zile zenye mpira mwembamba badala ya waya, si vema kuipindua juu chini, kwani hewa yaweza kuingia katika mpira na mkono wa breki ukalegea.

Pili, zikaguliwe bolti zote. Gurudumu likamatwe juu na kutikiswa kulia na kushoto. Likicheza, ekseli au habu imelegea. Bolti za kalipa na za diski zijaribiwe kwa ufunguo. Nyumba nyingi zitashangaa kuona kwamba ugonjwa wote ulikuwa hapa, na kwamba robo ya mzunguko wa bolti imekomesha kelele ya miezi.

Tatu, gurudumu litolewe, kisha pedi. Pedi hushikiliwa na pini ndogo au bolti nyembamba. Pini inyooshwe kwa koleo na kuvutwa, kisha pedi zitoke pamoja na springi iliyo katikati yake. Yafaa kukumbuka ipi ilikuwa kulia na ipi kushoto. Tangu gurudumu litoke hadi lirudi, mtu asivute mkono wa breki ya mafuta kwa hali yoyote. Akiuvuta, pistoni zitatoka na kukaribiana, na diski itakosa mahali pa kupita. Yakitokea hayo, pistoni zirudishwe polepole kwa kusukuma pedi kuukuu kwa mpini wa mwiko au kipande cha plastiki, wala si kwa bisibisi.

Nne, pedi zitazamwe kwenye mwanga. Kiwanda cha Shimano kinaagiza pedi zibadilishwe pale nyama yake inapobaki milimita 0.5, yaani unene wa karibu na ukucha. Mwenye busara hangoji kufika hapo, hasa akiwa mkazi wa milimani. Pedi iliyong'aa lakini bado ni nene yaweza kufufuliwa. Pedi iliyolowa mafuta huonekana nyeusi na yenye mabaka ya unyevu, na hiyo itupwe. Wako wanaoichoma juu ya jiko ili mafuta yatoke. Jambo hilo lisifanywe, kwa sababu moshi wake ni mbaya, na gundi inayoshikilia nyama ya pedi yaweza kuachia siku ya mteremko.

Tano, diski isafishwe kwa alkoholi na kitambaa cheupe, pande zote mbili, ikirudiwa kwa kitambaa kipya mpaka kitambaa kitoke kikiwa cheupe kama kilivyoingia. Diski ishikwe kwa ukingo tu. Nyingi zikiwa mpya huwa na unene wa karibu milimita 1.8. Za Shimano hubadilishwe zikifika 1.5. Diski yenye mfereji unaoshikika kwa ukucha ina mashaka.

Sita, pedi nzuri zisuguliwe. Msasa ulazwe juu ya kioo, pedi iwekwe kifudifudi, na isuguliwe kwa mviringo bila ya kukandamiza, mpaka mng'ao wote utoweke na rangi iwe moja. Ni bora kufunika pua na mdomo, kulowesha msasa kwa maji kidogo, na kufanya kazi nje, mbali na chakula na watoto. Vumbi la breki halikuumbiwa mapafu. Kisha pedi zifutwe kwa alkoholi na kuachwa zikauke kabisa.

Saba, pedi na gurudumu virudishwe, pini ikunjwe ncha yake tena, na kalipa iwekwe katikati. Bolti zake mbili zilegezwe kidogo tu hata kalipa icheze. Mkono wa breki uvutwe kwa nguvu na kushikiliwa, na hapa msaidizi ni wa lazima. Huku umeshikiliwa, bolti zikazwe kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, mpaka zote zikaze. Kipimo cha kawaida ni nyutoni-mita 6 hadi 8. Asiye na spana ya kipimo na akamate ufunguo mfupi, akaze kwa nguvu ya kiganja, wala si kwa uzito wa mwili. Mkono ukiachiwa, karatasi nyeupe iwekwe nyuma ya kalipa. Mstari mwembamba wa mwanga uonekane kila upande wa diski.

Katika breki za waya, nyingi husogeza pedi moja tu, ya nje. Hizo hutengenezwa kwa kuisogeza ile pedi iliyotulia mpaka ikaribie diski bila ya kuigusa, kisha waya hukazwa.

Nane, ikiwa diski inayumba, sehemu iliyopinda itiwe alama kwa chaki. Spana ya kurekebishika iliyo safi kabisa ibane diski hapo, nayo inyooshwe kwa nguvu ndogo sana, ikitazamwa kila mara. Papara hapa huzaa hasara. Mwenye haraka huondoka na diski iliyopinda mara mbili.

BREKI MPYA LAZIMA IZOEZWE

Hapa ndipo wengi hukosea. Hufunga pedi mpya, huteremka mlima siku hiyohiyo, kisha hulalamika kwamba wameuziwa pedi bandia. Ukweli ni kwamba pedi na diski hazijazoeana. Breki hushika vizuri pale ambapo pedi imeacha juu ya diski utando mwembamba sana wa nyama yake, ulioenea sawasawa. Utando ukiwa na mabaka, mlio hurudi.

Mazoezi yake ni rahisi, nayo yanafaa kufanywa katika uwanja wa gwaride au barabara tambarare isiyo na magari. Mpandaji aendeshe kwa mwendo wa kadiri wa kilomita 20 kwa saa, kisha avute breki moja polepole na kwa uthabiti mpaka afikie mwendo wa mtu anayetembea, lakini asisimame kabisa wala asilifunge gurudumu. Aachie, aongeze mwendo, arudie. Mara 20 kwa breki ya mbele, na mara 20 kwa ya nyuma. Mwanzoni breki itaonekana dhaifu. Kufikia mara ya kumi itaanza kuuma, na mwishoni mlio utakuwa umekwisha katika baiskeli nyingi.

Ikiwa baada ya hayo yote kelele ingalipo, aina ya pedi ichunguzwe. Pedi za rezini huwa na ukimya zaidi, lakini hulika haraka katika tope. Pedi za unga wa chuma hustahimili mvua, tope na joto, lakini huwa na kelele zaidi. Baadhi ya diski zimeandikwa kwamba ni za pedi za rezini tu, na onyo hilo liheshimiwe.

MIPAKA YA KAZI YA NYUMBANI

Yako mambo ambayo nyumba isiyafanye. Mkono wa breki ya mafuta ukiwa laini na kufika hadi usukani, hewa imeingia, nayo hutolewa na fundi mwenye vifaa. Kalipa ikivuja, vivyo hivyo. Mafuta ya breki si namna moja. Baiskeli nyingine hutumia mafuta ya madini, na nyingine hutumia yale ya jamii ya DOT kama ya magari. Yakibadilishana huharibu raba za ndani, na breki huweza kukata tamaa ghafla. Mafuta ya injini au ya kupikia yasiingizwe humo kamwe. Fundi naye aulizwe wazi anatia mafuta gani, na asione vibaya kuulizwa.

DESTURI ZA NYUMBA

Matengenezo yote yaliyotajwa huhitajiwa mara chache ikiwa nyumba ina desturi njema. Baiskeli isilazwe jikoni karibu na kikaango, wala isiegemezwe kwenye dumu la mafuta ya taa. Mnyororo utiwe mafuta kwa tone, pingili baada ya pingili, na diski ya nyuma ikiwa imefunikwa kwa kitambaa safi, kisha mafuta yaliyozidi yafutwe. Baiskeli ioshwe kwa maji na sabuni kidogo, na diski isuuzwe mwisho kwa maji safi. Kitambaa cha breki kiwe na mahali pake, na kisitumike kwa kazi nyingine.

Juu ya hayo, kila anayeipanda, awe sajenti au mwanafunzi, afanye jaribio la nusu dakika kabla ya kuondoka. Asimame kando ya baiskeli, avute breki ya mbele na kuisukuma mbele: gurudumu ligome, na la nyuma litake kuinuka. Avute ya nyuma na kusukuma tena: gurudumu liburute bila ya kuzunguka. Likizunguka, safari haipo, hata kama shule imekwisha kupiga kengele au gwaride linakaribia. Mtoto afundishwe jaribio hili siku ileile anayofundishwa kupanda, na afundishwe kwamba hakuna atakayemgombeza kwa kuchelewa kwa sababu hiyo.

Askari hufundishwa kukagua bunduki yake kabla ya zamu, kwa kuwa hana hakika ni saa ngapi ataihitaji. Breki ya baiskeli ni ya namna hiyohiyo. Haihitajiki mpaka pale ambapo ng'ombe anakatiza njia, au lori linatokea konani, na mtoto yuko nyuma ameshika shati la mwendeshaji. Kwa hiyo breki inapolia, isinyamazishwe kwa mafuta. Ifunguliwe, isafishwe, izoezwe. Kazi hiyo humalizika katika mchana mmoja wa Jumapili, na alkoholi, msasa na kitambaa kilichotumika haviwezi kufikia gharama ya mfupa mmoja uliovunjika.